Shimo Juu ya Chemchemi

Kihwelo, tajiri wa mjini, alinunua mteremko huko Upareni ajenge nyumba za watalii. Akaizungushia chemchemi seng'enge, akawakataza majirani kuteka maji. Nakijwa, mjane mwenye shamba lililo juu ya chemchemi hiyo, akaanza kuchimba shimo.

"Unachimba choo juu ya maji ya wageni wangu?" Kihwelo alifoka.

"Shamba ni langu, baba. Nichimbe wapi?"

"Nikiondoa seng'enge, utaacha?"

"Mwambie mwenyekiti wa kijiji kwamba maji ni ya wote. Sitaongeza hata jembe moja."

Siku hiyohiyo Kihwelo akamwambia mwenyekiti, seng'enge ikang'olewa. Nakijwa akamwaga samadi shimoni, akapanda mgomba.

"Kumbe si choo?"

"Choo umekitaja wewe, baba. Mgomba hauhitaji shimo refu kuliko hili."