Tundu la Mfuko wa Masunga

Mnapenda kunisumbua. Mtu ana maharage motoni, hajaketi tangu asubuhi, nyie mmejipanga mlangoni kama kuku wanaosubiri makapi: "Bibi, simulia." Nisimulie nini? Na wewe uliyevaa fulana yenye sura ya yule jambazi aliyeuawa juzijuzi, sogea huku nikuone. Alikupa nini, yule? Hata pipi hakukupa. Haya, kaeni, na kila anayekaa achambue mchicha, mimi sisimulii mikono mitupu. Nitawaambia huu mtindo wa kuwaimba wezi ulianzia wapi, maana hamkuuanzisha nyie.

Zamani watu hawakumpenda mwizi hata kidogo. Mwizi alikuwa mwizi, awe kaiba ng'ombe au kaiba boga. Ukimwona unapiga mwano, lile yowe la kuita watu, na kila aliyelisikia ilimlazimu aache alichoshika atoke. Anayenyonyesha atoke, mgonjwa ajikongoje, Mtemi mwenyewe atoke. Asiyetoka alihesabiwa kuwa naye kaiba. Na aliyekamatwa hakupigwa wala kuchomwa moto kama mnavyofanya nyie wa mjini. Alibebeshwa kichwani kile alichoiba, akapitishwa nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni aseme kwa kinywa chake, "Nimeiba." Wengi waliona afadhali kipigo.

Kulikuwa na desturi nyingine. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka kapu la mtama kwa Mtemi, ukamwagwa kwenye kihenge, ghala la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, refu kuliko nyumba yoyote. Mtama ule haukuwa wa Mtemi. Ulikuwa wa wote, uliwekwa kuungoja mwaka mbaya. Mtemi kazi yake ilikuwa kuufungua mlango siku ikifika.

Basi mwaka mbaya ukaja. Mvua ilichungulia, ikaondoka. Mtemi wa wakati huo, Lugwisha, mtu mwenye shingo nene na maneno laini, akasema njaa bado haijafika. Watu wakala mizizi, akasema bado. Nywele za watoto zikawa nyekundu, akasema subirini kidogo, wananchi wangu. Kumbe usiku na mchana anawapa watu wa mbali mtama ule, nao wanampa ng'ombe, na zizi lake linajaa.

Pembeni ya njia itokayo kwa Mtemi aliishi mjane anaitwa Kalunde. Alikuwa na mtoto mmoja, Nyanzala, na mtoto huyo alikuwa ameacha kulia. Mtoto mwenye njaa akiacha kulia, mama yake hahitaji kuelezwa na mtu. Maziwa yangemsaidia, lakini mbuzi wao aliibwa hata kabla ya njaa kukaza. Mwizi wake alijulikana: Masunga, jitu refu lenye meno mazuri, jembe analiogopa kama nyoka. Kalunde alimlaani asubuhi, akamlaani jioni, kwa zamu, asije akasahau.

Siku moja, jua la utosi, walinzi wa kihenge wamelala kivulini midomo wazi, Masunga akabomoa udongo nyuma ya kihenge, akajaza mfuko wake wa ngozi, akaubeba mgongoni, akashika njia. Alikuwa amekwisha kufika mbali kidogo mlinzi mmoja alipozinduka, akapiga mwano.

Kalunde alikuwa wa kwanza kutoka. Alimwona Masunga anapita mbele ya mlango wake, mbio mbio, mfuko mgongoni. Akaiona na ngozi ya mfuko. Baka jeupe ubavuni, na chini ya baka lile kovu alilopata mbuzi wake alipochomwa na mwiba wa mkakaya akiwa mdogo. Mwizi kamla mbuzi, kisha kamvaa! Kalunde akavuta pumzi kupiga yowe ambalo lingesikika hadi ng'ambo ya bonde.

Halikutoka. Mtoto wake alikuwa amepiga magoti njiani, anaokota kitu anatia mdomoni, mavumbi na yote. Ngozi ilikuwa nyembamba pale penye kovu, imetoboka, na mtama ulikuwa unachuruzika nyuma ya Masunga kama uzi, naye hana habari.

Kalunde akaufumba mdomo, akaenda kuchukua ungo na ufagio. Majirani nao walikuja na fimbo, maana sheria ni sheria, wakatazama chini, wakaziweka fimbo. Walinzi walipofika walikuta wanawake njia nzima wameinama, na njia imefagiliwa kama ya kupitisha bibi harusi.

"Kapita wapi?"

"Nani?" akauliza Kalunde.

"Mwizi, mama! Hukusikia mwano?"

"Nimesikia, ndiyo maana niko nje. Tunafagia."

"Jua lote hili mnafagia?"

"Wewe jua lote hili ulikuwa umelala. Kila mtu na kazi yake."

Bila ule uzi wa mtama hapakuwa na cha kufuata. Jioni vyungu vilitoa moshi. Nyanzala alikunywa uji, akalala, akaamka analia, na mama yake akamshukuru Mungu kwa kelele zile. Wimbo nao ukazaliwa papo hapo. Masunga katumwagia! Masunga kamwaga makusudi, ana huruma, anaruka ukuta, risasi... hapana, risasi zilikuwa bado. Mshale haumpati. Wazee walioibiwa kuku na Masunga yule yule wakapiga makofi.

"Aliniibia mbuzi," Kalunde aliwaambia.

"Mbuzi wako alikuwa amezeeka, dada."

"Na mfuko ulikuwa umetoboka!"

"Wewe nawe huna shukrani."

Masunga akasikia anaimbwa, akarudi kifua mbele. Aliomba maji kwa Kalunde, kana kwamba hawajuani.

"Mama, chakula kiliwafika?"

"Geuza mfuko wako," akasema Kalunde. "Tia kidole hapo chini ya baka."

Masunga akatia. Kidole kikatokea upande wa pili. Meno yale mazuri yakafichika.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Hawataki. Unajua kwa nini? Waliyempa mtama wao awatunzie amewageuka, nao hawawezi kukaa bila mtu wa kumtumaini, wakakuokota wewe. Hawakukupenda wewe, baba. Walipenda kuona kile kihenge kinatoboka."

Maneno hayo alimwambia Masunga, lakini aliyeyasikia vizuri ni yeye mwenyewe. Mtama wa njiani ulikuwa umekwisha. Nyanzala alikuwa ameanza tena kunyamaza. Angoje mwizi mwingine mwenye mfuko mbovu? Kalunde akafunga kitenge... ngozi, ngozi, vitenge vilikuwa bado. Akafunga ngozi yake kiunoni, akapanda mpaka kwa Mtemi, asubuhi kweupe, akasimama chini ya kihenge, akapiga mwano.

"Mwizi! Jamani, mwizi!"

Walinzi wakaja mbio. Kijiji kikaja. Mtemi Lugwisha akatoka na mafuta mdomoni, maana mwano haubagui.

"Yuko wapi mwizi?" akauliza.

Kalunde akamnyooshea Mtemi kidole. Kama watu wangenyamaza, asingeiona jioni ile. Wakamtazama Mtemi, wakatazama kihenge. Kisha mlinzi mmoja, yule aliyekuwa analala mchana, akaiweka fimbo yake chini. Mama yake pia alifagia njia siku ile. Fimbo nyingine zikafuata. Mlango wa kihenge ukafunguliwa, wakauona mtama wao, nusu umekwenda, na uliobaki umeanza kuingia fukusi, wale wadudu wa nafaka, huku watoto wanazikwa.

Nani anaimbwa mpaka leo? Masunga! Wanasema ndiye aliyefungua kihenge, kwa teke. Kalunde hana hata kibwagizo. Alipata mbuzi, Masunga alimlipa, mmoja anayechechemea, na sitaki kujua alimtoa wapi.

Na tangu siku hiyo, walinzi wa ghala wakila peke yao, watu humwokota mwizi wa kwanza anayepita, wakamtia kwenye wimbo. Mkisikia wimbo wa namna hiyo, msihangaike na mwizi. Tazameni mlango gani umefungwa, mkaupigie mwano wenyewe. Sauti mnazo, ninazisikia kila siku mkigombea maandazi.

Lugwisha? Alilipa kama mwizi yeyote. Ng'ombe wake walirudi walikotoka na mtama ukarejea, kisha akatwishwa mfuko kichwani, akapita nyumba kwa nyumba anamimina ungoni na kusema, "Nimeiba." Nyumba ya Kalunde ilikuwa ya mwisho. Alipofika, shingo imepungua na miguu imetoka malengelenge, Kalunde hakuupokea mtama mara moja. Aliuinua mfuko juani, akautazama chini kwa makini kama una tundu. Kisha akamrudishia.

"Haujajaa," akasema. "Kaongeze."

Naye Mtemi akageuka, akarudi kuongeza.