Cherehani za Amani

Hapo zamani, katika bandari ya Mtondoo iliyotawaliwa na Gavana kutoka ng'ambo, walikutana mabalozi wa mataifa makubwa ili wakubaliane kwamba silaha zisipite tena pale. Wakala, wakanywa, wakakubaliana. Ikawa tangu siku ile askari wanapekua vikapu vya akina mama, na kila kisu cha jikoni kinaitwa silaha. Lakini makasha marefu ya mabalozi yalipita bila kufunguliwa, maana yalikuwa yameandikwa "Cherehani."

Basi Mwanasha, muuza mihogo ya kuchoma, akafungwa kwa ajili ya kisu chake cha kumenyea, pamoja na mtoto wake mchanga. Askari wa zamu, jina lake Farjala, aliwasogeza kivulini akawapa maji ya mtungi wake mwenyewe. Zaidi ya hapo hakuwa na uwezo.

Kaka yake Mwanasha, fundi Mshamu, aliyekuwa hana kitu ila sindano, akaenda barazani kwa Gavana, akainama.

"Bwana Mkubwa, niachie dada yangu. Kisu kile hakijaua hata kuku."

Gavana akawatazama mabalozi, akatabasamu. "Kesho tunatia sahihi mkataba. Nishonee bendera ya amani ya kufunika ukuta wote wa forodha, iwe tayari leo kabla jua halijatua, nami nitamwachia. Ukishindwa, utamfuata huko huko."

"Nitahitaji chombo, Bwana Mkubwa."

"Taja chochote kilichomo bandarini, utapewa. Naapa mbele ya wageni hawa."

"Basi nipewe cherehani moja katika zile za makasha."

Balozi mmoja akasema zake ni za kushonea viatu. Mwingine akasema zake ni za watu wanaotumia mkono wa kushoto.

"Mimi hutumia wowote, bwana," akasema Mshamu kwa adabu.

Watu wa mji walikuwa wamejaa uwanjani na kiapo wamekisikia, basi ikabidi kasha liletwe, likafunguliwa. Ndani mlikuwa na bunduki, zimelazwa katika majani makavu kama mayai.

Mshamu akatwaa moja, akaigeuza huku na huku, akachungulia mdomoni mwake. "Bwana Mkubwa, uniwie radhi, sisi mafundi wa huku ni wajinga. Pa kupitisha uzi nimepaona. Sindano yake i wapi?"

Uwanja ukaangua kicheko. Gavana, uso umemwiva, akaona heri acheke nao kuliko kuchekwa. "Mchukue dada yako," akasema, "na kisu chake."

Kesho yake mkataba ukatiwa sahihi, ukaongezwa sharti moja: kasha la cherehani lisifunguliwe mbele ya fundi wa kushona. Ndiyo hekima ya wakubwa.

Naye Mwanasha akarudi jikoni kwake. Kipande cha kwanza cha muhogo alichokikata kwa kisu kile alimpelekea Farjala, kingali cha moto. Hekaya imeiva, mwenye njaa na ajitwalie.