Barafu katika Tangi la Andrea

Joto la Kyela mwezi wa Novemba halina mzaha. Hewa husimama tuli baina ya milima na ziwa, na hata kuku huacha kupekua, wakajilaza kivulini midomo wazi. Katika joto la namna hiyo, Andrea, mzamiaji wa zamani aliyeumia mgongo, alipelekwa Mbeya kufanyiwa upasuaji.

Tangu alipokatazwa kuzama, Andrea alikuwa amejiletea ziwa sebuleni. Alikuwa na tangi la kioo lenye mawe na samaki wadogo wa miambani, wenye rangi ya buluu ya kupendeza. Siku hizo moyo wake ulikuwa kwa jike mmoja aliyebeba vifaranga kinywani, kama ilivyo desturi ya samaki wale, wala hali kitu mpaka avitoe. Alipokuwa akiingizwa garini, Andrea alisema kwa sauti iliyochoka, "Maji yasipate joto sana, wala yasibadilike ghafla. Akihangaika atavitema kabla havijakomaa."

Waliomsikia walikuwa watatu: mkewe Veronika, dada yake Anyelwisye aliyeishi nyumba ya pili, na mwanawe Gwamaka, fundi wa kuchomelea vyuma. Wote waliitikia. Hakuna aliyeuliza ni nani hasa aliyeagizwa.

Veronika alilowesha kanga, akalifunika tangi ubavuni, kisha akaelekeza feni juu ya maji. Gwamaka aliona njia hiyo ni ya polepole mno. Kila asubuhi alitoa kwenye friji chupa za maji yaliyoganda, akazibana nyuma ya mawe zisionekane, maana alijua mama yake angesema anamchezea baba samaki wake. Mchana, Veronika akiwa sokoni, Anyelwisye alikuja kutazama. Alitia kidole majini akakuta baridi kali. Hakutaka kumkosoa wifi yake nyumbani kwake, kwa hiyo alimimina jagi la maji ya uvuguvugu, akaanika ile kanga nje, akaondoka kimya.

Basi maji yakawa kama homa ya vipindi. Veronika alirudi akayakuta yamepanda joto na kanga iko kambani; akadhani Gwamaka ameianika ikauke. Alisimama mbele ya kipimajoto kama aliyepotea njia.

"Wifi, maji haya siyaelewi," alimwambia Anyelwisye jioni. "Asubuhi ni ya kisimani, mchana ni ya kumwogeshea mtoto. Na feni ni ileile."

"Hata mimi yamenishinda," alijibu Anyelwisye, akiukwepa uso wake. "Labda kioo kimechoka."

Gwamaka naye alishangaa barafu yake kuyeyuka upesi hivyo. Aliamua kuongeza chupa. Veronika, akidhani feni imepungua nguvu, aliagiza barafu kwa wauza samaki. Kila mmoja alizidisha bidii, na kila mmoja aliona moyoni kwamba ni yeye peke yake anayemjali mgonjwa.

Siku ya joto kuliko zote, Veronika alimwaga bakuli zima la barafu majini, akaenda jikoni kuongeza jingine. Aliporudi alimkuta Gwamaka amekuja na chupa kwapani. Kabla hawajasemezana, Anyelwisye aliingia na birika la maji ya moto. Walitazamana, kila mtu na silaha yake mkononi.

"Kumbe ni wewe?" Veronika aliuliza, asijue anamuuliza nani.

"Shangazi, birika la nini?"

"Na hizo chupa ni za nini, mwanangu?" Anyelwisye alimrudishia.

Ndani ya tangi, chini kabisa, samaki walikuwa wamelala ubavu. Jike alikuwa amefunua kinywa, na vifaranga vimetawanyika juu ya mchanga, viini vya yai vikiwa bado matumboni. Havikutikisika. Veronika aliketi sakafuni akajifunika uso.

Tangu hapo waliafikiana kwamba Veronika peke yake atagusa tangi. Chupa ziliondolewa, birika likarudi kwa Anyelwisye. Kwa kanga na feni, maji yalitulia, na jike akaanza kuogelea tena, akiwa amekonda.

Andrea alirejea akitembelea fimbo. Alisogea kwenye kioo, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Vifaranga viko wapi?"

Gwamaka alimsimulia yote bila kuficha, hata sehemu yake mwenyewe.

"Mbona hamkunipigia simu?"

"Hatukutaka kukusumbua kitandani," alisema Veronika.

"Na hamkuulizana ninyi kwa ninyi?"

Andrea aliweka kiganja juu ya kioo, jike akaja akakinusa.

"Na mimi nina kosa langu," alisema taratibu. "Kila nilipozama, kamba yangu ilishikwa na mtu mmoja tu, tena nilimtaja kwa jina. Hapa niliwaachia wote, nikaenda zangu."

Anyelwisye alimshika mkono kaka yake. Alitamka lile ambalo wote watatu walikuwa wamelionja: nahodha wengi, chombo huenda mrama.