Fremu ya Lubinza Isiyo na Nembo

Nyamazeni kwanza. Leo nina hadithi na nina hasira, na vyote viwili mtavipokea. Anayetaka kucheka akachekee kwao.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Masele, fundi baiskeli, alikuwa na jicho: ukipita tu anakuambia spoku ipi imelegea. Limi, dada wa kupaka rangi magari, alizijua rangi zote, mpya na za zamani. Na Mzee Holo, mhunzi wa majembe, macho yalishafifia, lakini vidole, wee! Akishika chuma anakutajia aliyekifua.

Sasa sikieni kilichowakutanisha. Zamani mhunzi mmoja, Lubinza, alijiundia baiskeli kwa mikono yake mwenyewe. Karani wa ghala la pamba akaitazama fremu: haina nembo, haina namba. Akatangaza, "Hii ya wizi. Amefuta alama." Basi! Kijiji kizima kikaitikia. Hakuna aliyeuliza wala aliyepima! Lubinza akafa anaitwa mwizi, akazikwa peke yake ng'ambo ya korongo, mbali na makaburi ya ukoo. Binti yake, Nkwimba, akaimbiwa "mtoto wa mwizi" mpaka amekuwa bibi. Miaka arobaini, kwa neno la karani mmoja! Hivi watu wana akili gani?

Bibi Nkwimba akawaendea wazee wa ukoo, anataka baba yake ahamishiwe kwa wenziwe. Wakamjibu, "Lete ushahidi." Akaitoa fremu uvunguni, akasema mbele ya watu, "Atakayemtoa baba kwenye wizi, fremu hii ni yake."

Masele akaja na msasa. Akasugua shingo ya fremu, pale nembo inapokaa, mpaka chuma kitupu. Akasugua na chini ya siti, pale namba inapopigwa. Hakuna tundu la kufungia nembo, hakuna mkwaruzo wa tupa ya kufutia namba.

"Mama, hapa hakikufutwa kitu," akasema. "Nembo haijawahi kuwepo."

Wazee wakabinua midomo. "Sawa. Lakini ni ya lini, na ya wapi?"

Masele, kwa pupa yake, akataka kusugua fremu nzima. Limi akampokonya msasa.

"We kaka, una wazimu? Unafuta ushahidi!"

Akachukua wembe, akakwangua taratibu, rangi moja baada ya nyingine: nyeusi, kijani, nyekundu, na chini kabisa, juu ya chuma chenyewe, kijivu. Akaibeba fremu mpaka ghalani, wazee nyuma yake, akakwangua mlango. Chini kabisa, kijivu kile kile.

"Wazee, mnajua wenyewe: bawaba za mlango huu alizifunga Lubinza, ghala lilipojengwa," akasema. "Rangi iliyobaki alipewa yeye. Fremu ilipakwa mwaka ule, hapa hapa."

"Imepakwa hapa," wazee wakasema. "Imeundwa na nani?" Ubishi wa kijinga huo, lakini ndio walivyo.

Mzee Holo akapapasa maungio ya fremu, moja moja, bila haraka.

"Kila mhunzi ana namna yake ya kumalizia kazi," akasema. "Huyu alikunja ncha kuelekea kulia. Alipiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Nkwimba, leta jembe la baba yako."

Jembe likaletwa. Mkunjo ule ule. Na mhunzi wa mkono wa kushoto hapo alikuwa mmoja tu. Wazee wakakubali: Lubinza ahamishwe. Wakasimama, wakakung'uta suruali zao, wakaenda zao. Hata samahani hawakusema! Hata moja!

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Mimi ndiye niliyeuondoa wizi," akasema Masele.

"Na ungeondoa na ushahidi wote, kama si mimi!" akasema Limi.

"Nyie wote mliishia njiani," akasema Holo. "Jina nimelitaja mimi."

Bibi Nkwimba akamgeukia Holo.

"Holo, uhunzi ulijifunza kwa baba. Mimi sikujua kama chuma kinatambulika kwa vidole. Wewe ulijua. Siku karani anamwita baba mwizi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, dada."

"Ukanyamaza?"

"Niliogopa. Chuma changu nilikuwa nakipata kwa karani."

"Miaka arobaini, Holo! Karani mwenyewe alishakufa! Ulikuwa unamwogopa nani?"

Holo akaliweka jembe chini. Lakini Masele na Limi wanajua, na Bibi Nkwimba anajua, kwamba bila vidole vya Holo, Lubinza angebaki ng'ambo ya korongo.

Haya, msinikodolee macho. Kuna aliyefungua njia na nusura aiharibu. Kuna aliyeiokoa kazi lakini hakuimaliza. Kuna aliyeimaliza, naye angeweza kuimaliza Lubinza akiwa hai. Msiniambie wagawane: fremu ikikatwa ni chuma chakavu. Bibi Nkwimba ameishika na ahadi ni ahadi. Wewe ungemkabidhi nani?