Jina Moja Chini ya Jina la Mwalimu Naetwe

Sogeeni. Anayejiona mwepesi wa kukata shauri akae hapa mbele, maana leo sina mwisho wa kuwapa. Mwisho nitauomba kwenu.

Huko Usangi, katika milima ya Upare, walikuwako watu watatu waliosoma darasa moja chini ya mwalimu mmoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Eliamani alikuwa na mikono. Redio ikinyamaza au saa ikisimama, aliiweka kwanza sikioni, akasikiliza, ndipo akashika bisibisi.

Namsifu alikuwa na subira. Alisimamia chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari, na mashine iliyomkatalia mara ishirini aliirudia mara ya ishirini na moja bila kuinua sauti.

Kiangi alikuwa na lugha. Ukimtajia neno moja la Kichasu, lugha ya Wapare, alikutajia maneno yote yaliyozaliwa nalo, na kijiji ambako wazee hulitamka kwa kulivuta.

Mwalimu wao aliitwa Naetwe. Tangu alipostaafu, alikuwa akiandika kamusi ya Kichasu. Miaka kumi na minne alipanda na kushuka milima, akikaa jikoni kwa watu, akiuliza: mnauitaje ukungu unaoshuka kabla ya mvua? Na ule unaopanda baada yake, nao una jina? Wengi wa waliomjibu sasa wamelala makaburini. Madaftari yake yaliliwa na mchwa. Kamusi yote ilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta kuukuu iliyokaa mezani sebuleni kwake, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Nakala nyingine haikuwako. Zamani kidogo mgeni mmoja alinakili nyimbo ambazo Mwalimu alizikusanya, akaondoka nazo, na Mwalimu akaja kuzisikia redioni zikitajwa kwa jina la mtu mwingine. Tangu hapo aliweka sharti moja: hakuna kunakili. Macho yake yalipoanza kufifia, mtu mmoja tu aliruhusiwa kukaa mbele ya mashine ile na kuchapa, naye ni Kiangi. Miaka mitano alikuja kila Jumamosi. Alipewa ufunguo wa mlango. Alijua sukari inawekwa wapi.

Ikawa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam amekubali kuitoa kamusi. Alitaka itumwe katika muundo wa siku hizi, na kompyuta ya Mwalimu haikuuweza. Mfumo wake ulikuwa wa kale mno, hata mtandaoni haukuingia. Tena diski yake, kile chombo kinachotunza kila kitu, ilikuwa imeanza kugonga: ta, ta, ta.

Mwalimu aliwaita wote watatu.

"Wanangu," alisema, "mashine itiwe diski mpya na mfumo mpya, na kamusi ihamishwe. Kwenye jalada, chini ya jina langu, nataka jina moja. Mwenye jina hilo ndiye atakayeitunza kamusi nikiondoka, aongeze maneno na kurekebisha nilipokosea. Msiniombe majina matatu. Kitu cha watu watatu kila mmoja atadhani mwenzake anakitazama. Nitaweka jina la yule ambaye bila yeye kamusi isingepona."

Eliamani alianza. Aliichomoa diski, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii inakata roho." Alitengeneza waya wa kuiunganisha na mashine nyingine, akagundua kwamba inazunguka ikilazwa kifudifudi tu. Basi aliinakili kidogo kidogo: dakika kumi kazi, dakika ishirini kupumzika, na feni ikiipuliza. Siku tatu hakuondoka pale ila kwenda kuswaki. Siku ya tatu saa sita mchana diski iligonga mara moja, kwa nguvu, kisha ikanyamaza. Alipotazama alichokuwa amekiokoa, kilikuwa nusu ya kwanza ya kamusi. Nusu ya pili ilikufa nayo, wala hakuthubutu kumwambia Mwalimu.

Namsifu alifuata. Aliweka diski mpya, akaweka mfumo mpya, akafungua ile nusu iliyookolewa. Badala ya maneno aliona visanduku vitupu, mstari juu ya mstari. Programu iliyoandikia kamusi ilikuwa ya enzi zilizopita, na mfumo mpya haukuitambua. Alijaribu njia moja, ikakataa. Akajaribu ya pili na ya kumi. Wiki mbili kila alasiri alikuja na daftari lake la kuandikia yaliyoshindikana. Mwishowe alitengeneza ndani ya mfumo mpya kichumba cha mfumo wa zamani, programu ile ikaamka humo ikidhani bado iko katika siku zake. Maneno yakatokea. Akaanza kuyatoa, ukurasa baada ya ukurasa, katika muundo ambao mchapishaji aliutaka.

Mwalimu alifurahi kwa muda mfupi tu. Alisogeza uso karibu na kioo, akamwambia Namsifu ateremke, ateremke tena, mpaka maneno yakakoma katikati ya herufi M.

"Na yaliyobaki?"

Eliamani aliinamisha kichwa. "Yamekwenda, Mwalimu."

Mwalimu hakulia. Alitaja majina ya wazee mmoja mmoja, wale waliompa maneno ya nusu ya pili, na kila baada ya jina alisema, "Amefariki."

Kiangi alikuwa amesimama karibu na mlango. Siku zote hizo alikuja, akaketi, akaondoka bila kusema mengi, nao walidhani ni huzuni. Sasa aliingiza mkono mfukoni, akatoa flashi ndogo nyeusi, akaiweka mezani.

"Nusu ya pili iko humu," alisema.



"Imefikaje humo?" Mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, afadhali ifunguliwe kwanza."

Namsifu aliichomeka, akaipitisha katika kile kichumba chake, maana nayo ilikuwa katika muundo ule ule wa kale, na pasipo yeye isingefunguka kokote. Yote yalikuwamo, kuanzia mwanzo wa herufi M, nyuma kidogo ya pale diski ilipokatikia, hadi neno la mwisho. Lakini mwanzoni palikuwa na ukurasa ambao Mwalimu hakuuandika. Namsifu alisita.

"Soma, mwanangu. Macho yangu hayafiki."

"Kamusi ya Kichasu," Namsifu alisoma kwa sauti ndogo. "Sehemu ya Pili. Imekusanywa na kuandikwa na Kiangi Mjema."

Eliamani aliruka kutoka kitini. "Wewe! Humu humu ndani? Kwenye meza hii?"

"Humu humu," Kiangi alijibu. "Jumamosi tano. Mwalimu akiwa jikoni ananichemshia chai. Nilianza na sehemu ya pili kwa kuwa ndiyo yenye maneno ya bibi yangu; ya kwanza nilikusudia kuichukua mwezi huu, ndipo diski ikaugua. Nilitaka kwenda nayo kwa mchapishaji mwingine."

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Miaka mitano nimechapa, Mwalimu. Maneno mengine nimekuletea mimi mwenyewe, kutoka kwa bibi yangu. Sikuwahi kusikia ukilitaja jina langu mbele ya mtu. Nikaona nitafutika."

 Mwalimu Naetwe aliomba apewe Biblia yake iliyokuwa rafuni. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, akampa Namsifu aisome. Ilikuwa barua kwa mchapishaji, ya miezi minane nyuma, haijatumwa bado. Ilisema kwamba chini ya jina lake liandikwe jina la Kiangi Mjema.

"Shindano niliwatangazia wote watatu kwa sababu niliona haya kukupendelea wazi," alimwambia. "Nilijua utashinda. Ulichokiiba nilikuwa nimekuwekea."

Kiangi alipiga magoti. Mwalimu hakumwinua, wala hakumfukuza. Alinyoosha kiganja tu, na Kiangi akauweka hapo ufunguo wa mlango.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Mimi niliichukua nusu ya kwanza kinywani mwa kifo," Eliamani alisema. "Angeichelewesha mtu kwa siku moja, isingekuwako. Na sikuvunja sharti la mtu."

"Ulichukua visanduku vitupu," Namsifu alimjibu, naye kwa mara ya kwanza sauti ilimpanda. "Nusu yako na nusu yake, zote mbili zilikuwa bubu mpaka nilipozifungua."

Kiangi, angali amepiga magoti, alisema: "Sistahili, najua. Lakini semeni ukweli. Ningeutii mwiko wa Mwalimu, leo nusu ya pili ingekuwa wapi? Na ningekaa kimya na flashi yangu mfukoni, nani angejua? Niliileta nikijua jina langu litasomwa."

"Usingeileta, ungekuwa na nusu isiyofaa kitu," Eliamani alisema.

"Pengine," alijibu Kiangi. "Lakini nimeileta."

Mwalimu aliwatazama kwa macho yake yasiyoona vizuri. Alikumbuka alivyosema: jina la yule ambaye bila yeye kamusi isingepona. Akageukia kila upande, na kila upande palikuwa na mtu ambaye bila yeye isingepona. Mmoja wao Mwalimu alimpenda kuliko wote, na huyo ndiye aliyemuumiza. Ndiye pia ayajuaye maneno hayo kuliko yeyote atakayebaki.

Kamusi imekamilika. Mchapishaji amepiga simu mara mbili, anasema jalada limekwisha chorwa, linangoja mstari mmoja tu. Mwalimu Naetwe ameshika kalamu, na barua ile iko mbele yake. Hajaituma wala hajaichana.

Basi wewe uliyekaa mbele, na wewe kule nyuma unayetikisa kichwa: mikono iliyonusuru, subira iliyofungua, au usaliti uliohifadhi? Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?