Nyati Aliyevaa Kibanda cha Wageni

"Mpo?"

"Tupo!"

"Mnaota moto au mnautazama tu?"

"Tunaota!"

"Basi sogeeni, na mimi nipate joto, niwaambie yaliyotokea mlimani."

Hapo kale, juu kabisa kwenye baridi ya kugonganisha meno, Pimbi aliishi mwambani na mkewe na watoto wao wanne. Mnamjua Pimbi, yule mdogo asiye na mkia. Upepo ukivuma, vuu! vuu! Watoto wakikohoa, koho! koho! Asubuhi moja mkewe akamwambia, "Baba Watoto, masika yakitukuta kwenye jiwe hili, hawa hawaponi." Neno lile lilimchoma Pimbi, asile siku nzima.

Fito na nyasi zilikuwapo tele, ila mlima wote ulikuwa wa Nyati. Nani alimpa? Pembe zake! Naye alikuwa mlafi wa chumvi, akiiwaza tu, udenda chururu. Na kila mwaka yangeyange, wale ndege weupe wa bondeni, walipanda mlimani kupunga upepo, kila mmoja na kibonge cha chumvi mdomoni cha kumpa atakayemlaza.

Pimbi akamwendea Nyati. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nakula."

"Nikujengee vibanda vitatu vya wageni, kama walivyojenga bibi zetu. Viwili vyako, kimoja changu."

"Bibi zetu? Mimi nataka mawe! Nataka mlango mpana!"

"Mawe ni baridi, Mzee, waulize wanangu. Nyasi hushika joto. Na mlango wa bibi zetu ni mfupi, upepo usiingie. Mgeni akiingia, sharti ainame. Sasa akiinama mbele ya nyumba yako, anamwinamia nani?"

Nyati akaacha kutafuna. "Mimi?"

"Kwani nani mwingine?"

"Haya, jenga. Na huo mlango ufupishe!"

Pimbi akakata fito, kwa! kwa! kwa! Akaezeka nyasi mpaka chini, shaa! shaa! shaa! Akapanga mafiga matatu katikati. Kibanda cha kwanza kikasimama. Nyati akaja kukagua. "Fupisha mlango!" Pimbi akafupisha.

Akakata fito, kwa! kwa! kwa! Akaezeka nyasi, shaa! shaa! shaa! Akapanga mafiga. Cha pili kikasimama. "Fupisha tena!" Pimbi akafupisha tena.

Cha tatu, jamani, mlango wake hata kuku angeingia kwa adabu.

Nyati akavizunguka vyote, akacheka. "Umefanya kazi nzuri. Vyote vitatu vyangu. Rudi kwenye jiwe lako."

Pimbi alilia. Msiniulize kama alilia kidogo au sana, alilia. Alimwona mkewe kule mwambani amewakumbatia watoto, na mawingu ya masika yanajikusanya. Kisha akafuta machozi, akayatazama mafiga.

"Sawa, Mzee, mwenye nguvu mpishe. Ila mila unaijua. Nyumba ni ya aliyewasha moto wa kwanza mle ndani. Pasipo moshi mgeni haingii, na nyasi huliwa na mchwa."

Nyati aliijua mila, nani asiyeijua? "Kwani nani kasema siwashi?" Akabeba kijinga cha moto kwa meno, akaenda kile cha tatu, alichokipenda zaidi. Mlango ukamfika magotini.

"Inama, Mzee," Pimbi akasema taratibu.

Nyati akatema kijinga chini. "Nyati hainami!"

"Basi yangeyange hao wanakuja, na moto haujawaka."

Nyati akaiona chumvi inampita. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akapiga magoti, polepole, akaingiza kichwa mlangoni.

Kule mwambani mke wa Pimbi, ambaye hasemi sana, akaitikia kwa sauti ya wazi: "Marahaba, mwanangu!"

Weee! Nyati akaruka kwa hasira, pembe zikanasa kwenye fito, ng'wee! Kibanda kizima kikang'oka, akakivaa kichwani. Akateremka mlima haoni mbele, tu-tu-tu-tu, nyumba inakimbia na mwenyewe ndani!

Pimbi akaokota kijinga, akawasha moto kwenye viwili vilivyobaki. Mkewe na watoto wakahamia cha kwanza. Watoto wakapiga chafya mara moja kwa moshi, wakalala fofofo mpaka wakakoroma. Kibanda cha pili wakaingia wageni, mmoja mmoja, wameinama, na chumvi yao.

Waliokosa nafasi, nao wameshampa Pimbi chumvi yao, wakauliza, "Tuliambiwa viko vitatu, cha tatu kiko wapi?"

"Kimeteremka," Pimbi akajibu. "Kifuateni."

Wakakifuata, wakakikuta bondeni kinahema. Wakatua juu yake. "Hodi, mwenye nyumba!"

"Chumvi iko wapi?" Nyati akauliza gizani mle.

"Tumeshampa Pimbi, Mzee."

Zile nyasi zilipukutika moja moja mpaka zikaisha, lakini wageni hawakuondoka. Mpaka leo ukimwona Nyati malishoni, watazame yangeyange mgongoni mwake, wamekaa raha mustarehe, wala hawalipi kitu.

Funzo lake, wanangu? Msishindane kamwe na mwenye nguvu. Na mkijenga, wekeni milango mipana, majirani wasije wakaumia shingo.

Ngano yangu nimeiweka hapo mlangoni. Anayeitaka ainame aiokote.

"Tumeinama!"

"Marahaba!"