Kifaa Kwenye Mkoba wa Mama

Leo sina mfano mtamu, wapendwa. Ninao mmoja tu, na umenikaa kooni wiki nzima.

Kulikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu ambaye meno yake ya juu yalichomoza hadi midomo ikawa haifungani. Taya la chini lilibaki nyuma. Akila, meno ya chini yanamchoma kwenye kaakaa. Akicheka, anaziba mdomo kwa kiganja. Shuleni walimpa jina. Sitalitaja hapa, maana wengine wenu mmewahi kuwaita hivyo watoto wa wenzenu.

Mama yake, na hapo nampa haki yake, alimpeleka kwa daktari wa meno. Daktari akapima, akapiga picha ya taya, akamtengenezea kifaa cha plastiki chenye waya, cha kuvaa na kuvua.

"Binti bado anakua, na hiyo ndiyo bahati yetu," akasema. "Mfupa unaokua unaelekezeka. Avae usiku na mchana, avue akila na akipiga mswaki, basi. Mkiuchezea wakati huu haurudi. Itabaki kupasua taya."

Kifaa kiliuma. Mate yalimjaa, maneno yakamtoka kwa kitembe, lakini binti alikivaa bila kusukumwa. Alijua anachokitaka: kucheka mbele za watu mikono ikiwa chini.

Sasa sikilizeni vizuri. Jumapili ya kwanza, wanatoka kuja ibadani, mama akamtazama usoni. "Hebu toa hicho kitu. Watu watasema nini?" Akakifunga kwenye leso, akakitia mkobani. Wakaja wageni wa jumuiya: "Toa, usije ukawaamkia watu na waya mdomoni." Ikaja harusi, ukaja msiba, akaja shangazi akakaa mpaka akachoka mwenyewe. Nyumba ile haikauki wageni. Mnazijua nyumba za namna hiyo, ndizo zenu. Mwishowe mama hata hakuhitaji kusema. Ikipigwa hodi, anamgusa binti kwa kiwiko, na binti anakitema kwenye leso kabla mlango haujafunguliwa. Akiomba arudishiwe, jibu ni moja: "Ngoja waondoke."

Mwaka ukapita, wakarudi kwa daktari. Kwenye benchi la kusubiri alikuwepo mama mmoja wa kwaya, na kiwiko kikafanya kazi yake. Wakaitwa ndani. Daktari akapima, akapima tena, akavua glavu.

"Hakuna kilichosogea. Huyu mtoto havai."

Mama akawaka. "Unamsikia daktari? Mimi nahangaika na wewe, kumbe unanichezea! Mkaidi mkubwa wewe! Si nakwambia kila siku vaa, vaa?"

Binti akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea mapajani. Jibu alikuwa nalo. Lakini niambieni, mtoto tuliyemlea sisi atamkanushaje mama yake mbele ya mtu baki?

Daktari akashusha sauti. "Na leo kiko wapi, mwanangu?"

Binti aliinua kichwa. Alimtazama mama, kisha macho yake yakashuka hadi kwenye mkoba.

"Mama, naomba ufungue."

Kikatoka kimefungwa kwenye leso, kati ya Biblia na kitabu cha nyimbo. "Huwa anakivua wageni wakija tu, anangoja waondoke," mama akanong'ona.

"Kumbe mwaka mzima tumenyoosha meno ya mkoba," daktari akasema, wala hakutabasamu. "Mfupa wa mtoto haukungoja wageni waondoke."

Mnacheka? Nani huyo anacheka? Mama yule ni nani kama si mimi na wewe?

Tunamfundisha mtoto asiseme uongo, simu ikilia tunamwambia, "Sema sipo." Hicho ni kiwiko. Tunamwambia binti apige kelele akishikwa vibaya, akija kusema aliyemshika ni mjomba, tunamziba mdomo: "Nyamaza, tutaaibika." Hicho ni kiwiko, na Mungu amekiona! Kila kilichowekwa kumnyoosha mtoto tunakitoa kwa mikono yetu wenyewe, kwa sababu ya macho ya jirani. Halafu akikua amepinda tunamburuta hapa mbele aombewe, na tunamtangaza kwa mchungaji kuwa mkaidi, huku mkoba tumeubana kwapani.

Nina hasira, sitaficha. Nina hasira na ile "ngoja waondoke," maana wageni wetu hawaondoki. Akitoka huyu anaingia yule, na mfupa unakomaa.

Msiniletee mtoto madhabahuni leo. Rudini nyumbani, fungueni mikoba, mrudishieni kilicho chake. Na mrudishieni wageni wakiwa bado wamekaa sebuleni, wakiangalia.